Springi ya Maji na Springi ya Lori

Sogea ukae hapa karibu, wewe ambaye ndiyo kwanza umenunua spana yako ya bomba na bado ina rangi ya dukani. Sitakuchosha kwa habari za vyeo. Nataka tuchambue neno moja tu la Kiingereza, maana limenifuata katika kazi ya maji tangu siku yangu ya kwanza, na hata sasa nimestaafu, nimekaa zangu Maisaka na kuku wangu, bado nalifikiria.

Neno lenyewe ni "spring". Unalijua. Ukienda kununua godoro utaulizwa kama unataka la springi. Lori likipita kwenye tuta likalia kama mbuzi, mtasema springi zimechoka. Hata kalamu ya kubofya ina kaspringi kadogo ndani, na nina hakika uliwahi kukatoa darasani ukakafyatua kakampiga mwenzako sikioni. Mimi nilipoajiriwa, msichana niliyetoka shule juzi, nilijua springi hizo tu.

Msimamizi wangu wa kwanza alikuwa Mzee Margwe, mtu wa nyanda za juu za Mbulu, mrefu, mpole, ambaye sikuwahi kumwona akikimbia. Asubuhi moja alitandaza ramani juu ya boneti ya lori letu, akaweka kidole kwenye kiduara kidogo. Pembeni yake pameandikwa "spring".

Nikamuuliza, "Mzee, kuna gari lilianguka huko mlimani?"

"Kwa nini, binti?"

"Si naona tunaenda kufuata springi."

Dereva alicheka mpaka akaegemea tairi. Mzee Margwe hakucheka. Alikunja ramani taratibu, akasema, "Tutaifuata kwa miguu. Ukiiona, utaniambia kama inafaa lori."

Tukapanda upande wa Mlima Kwaraa, mimi nikiwa nimebebeshwa sururu ambayo hatukuja kuitumia. Huko juu, katikati ya mawe mawili, palikuwa na kidimbwi kidogo kama karai, na chini yake maji yalikuwa yanatokea. Mzee alichuchumaa akaniita.

"Tazama mchanga ule wa chini. Unafanya nini?"

"Unaruka."

"Basi," akasema, na hakuongeza neno. Nilidhani ananikwepa. Miaka mingi baadaye ndipo nilipojua kwamba jibu nilikuwa nimelitoa mwenyewe.

Aliyenifumbua macho ni Mwalimu Paulina, jirani yangu, aliyefundisha Kiingereza sekondari mpaka naye akastaafu. Jumapili baada ya misa huwa tunakaa kibarazani kwake tukipukuchua maharage, na mikono ikiwa na kazi mdomo hukosa breki. Siku hiyo nilimuuliza jambo lililonikera muda mrefu: Waingereza walikosa maneno, hata chemchemi na chuma cha lori wavipe jina moja?

"Hawakukosa," akasema. "Mwanzo neno lilikuwa kitendo. Zamani sana, kabla Kiingereza hakijawa hiki tunachokijua, lilikuwa na maana ya kuruka, kuchomoka ghafla. Wajerumani mpaka leo wanalo neno ndugu yake, na wao wakilisema wana maana ya kuruka tu. Kwa hiyo maji yanayochomoka ardhini wakayaita hivyo."

"Na ule msimu wao?"

"Ndiyo huo huo. Wewe hujawahi kuona nchi iliyokaa kwenye baridi miezi na miezi, miti imebaki fito. Kisha siku moja machipukizi yanachomoka. Wakasema ni majira ya kuchomoka kwa majani. Wakafupisha, wakafupisha, likabaki neno moja."

"Na chuma?"

"Hicho kilikuja nyuma. Watu walipojifunza kukunja chuma, wakakiachia kikarudi kwa kishindo, wakasema nacho kinaruka. Hata mtoto wako, kwa Kiingereza cha vitabuni, ana neno lenye hilo ndani yake, "offspring". Ni yule aliyechomoka kwako."

"Elia?" nikamwambia. "Elia alinitesa kuanzia alfajiri mpaka ng'ombe wanarudi. Yule hakuruka hata kidogo."

Tukacheka mpaka maharage yakamwagika. Kisha akanisimulia shida yake ya darasani. Vitabu vilikuwa na sura nzima juu ya majira manne ya Ulaya, na yeye ana watoto wa Babati wanaojua masika, kiangazi, vuli na kipupwe. Aliwapa zoezi la kueleza watu hufanya nini wakati wa "spring". Mwanafunzi mmoja kutoka Nakwa akaandika kwamba watu huamka mapema, huchukua ndoo, na huangalia kwanza kama ng'ombe hawajakanyaga.

"Ukampa ngapi?"

"Nilimpa alama zote. Ningemnyima kwa kosa gani?"

Tangu siku hiyo nikawa na ugonjwa wa kutazama maneno kama ninavyotazama bomba: linatoka wapi, limeungwa wapi, linavuja wapi. Nikarudi kwenye lugha yetu. Tunasema chemchemi, na ukilitamka polepole unasikia kitu kinachochemka. Nilimpelekea Mwalimu Paulina ugunduzi wangu kama mtu aliyeokota dhahabu. Akasema huenda ni kweli, lakini nisiape, kwa sababu maneno mengi hufanana bila kuwa ndugu. Tunasema pia jicho la maji. Huyu aliona kuruka, yule akaona kuchemka, mwingine akaona kitu kinachotazama kutoka ardhini. Wote walichuchumaa mahali pamoja. Ukisikia neno la kigeni lenye maana nyingi, usikimbilie kusema lina fujo. Uliza kwanza ni kitu gani walikiona waliolianzisha, nawe ukione.

Sasa nikurudishe kwenye kazi, maana neno bila kazi halijazi ndoo.

Mzee Margwe alinifundisha kwamba chemchemi haitembelewi wakati wa masika. Masika kila korongo ni chemchemi. Nenda mwisho wa kiangazi, vumbi likiwa limefunika hata majani ya migomba. Maji utakayoyaona siku hiyo ndiyo ya kujengea. Usitangulize jembe. Ondoa matope kwa mikono, pole pole, ukifuata baridi. Kweli kabisa, vidole vitakuambia, kwa sababu maji yanayotoka ndani ya mwamba yana baridi tofauti na yale yaliyotuama. Ukilifikia jicho, simama. Usilipanue. Weka mawe safi na kokoto mbele yake, jenga ukuta wako mbele ya kokoto, zuia pembeni kwa udongo wa mfinyanzi uliokanyagwa vizuri, kisha toa bomba. Miti iliyoota pale iache, hasa mikuyu. Pengine wenyeji watakuambia mahali hapo hapakatwi mti tangu enzi za mababu. Mzee alikuwa katekista, lakini alipofika mahali kama hapo alivua kofia, na akatukataza kukojoa karibu.

"Maji hayasukumwi," alikuwa akisema. "Yanapokelewa."

Springi ile nyingine nayo tuliisoma kwake. Barabara ya Dodoma ilikuwa bado haijaona lami, na lori letu likakata jani moja la springi, bamba la chuma lililopinda, kabla hata hatujafika tulikokwenda. Dereva akalaani barabara, akailaani na serikali. Mzee akatafuta gogo gumu, wakalibana chini ya fremu, wakalifunga kwa mipira ya tairi, tukaenda mwendo wa kinyonga. Njiani akaniambia, "Chuma kina kumbukumbu, binti. Ukikibana, kinakumbuka kilipokuwa na kinataka kurudi pale pale. Ndiyo maana kinatubeba. Maji hayana kumbukumbu ya mahali. Yanajua njia nyepesi tu."

Nilidhani ni maneno ya kupunguza safari. Yalikuja kunifaa baadaye, nikiwa nimeshastaafu.

Ilikuwa mwisho wa kiangazi. Bodaboda ikasimama mlangoni, akashuka Mama Tumaini, mwenyekiti wa kamati ya maji ya kitongoji kimoja kule juu ya Bonga. Mwanamke mwenye sauti, anayeweza kunyamazisha mkutano kwa kukohoa tu. Siku hiyo sauti ilikuwa imempungukia.

"Shikamoo, Mama Elia."

"Marahaba, Mama Tumaini. Za Bonga?"

"Za Bonga nzuri. Ila maji yametukimbia."

"Yamekimbilia wapi?"

"Kwa Baba Sifaeli. Kwenye maharage."

Nikamketisha, nikampa chai. Akaeleza. Chemchemi yao ilijengwa zamani, bomba likiwa chini, enzi ambazo watu walikinga kwa vyungu na ndoo fupi. Sasa kila mtu ana dumu kubwa la manjano, na dumu haliingii chini ya bomba. Wanakinga kwa kopo, wanamimina, wanakinga, wanamimina. Akina mama migongo imekwisha. Kamati ikakaa, ikakubaliana kuinua bomba. Wakabeba mawe kichwani, wakaongeza ukuta, bomba likapanda mpaka usawa wa kiuno. Maji yakajaa nyuma ya ukuta, yakapanda, yakatoka juu. Wakapiga vigelegele.

"Halafu?"

"Yakaanza kupungua. Tukasema ni kiangazi. Yakapungua tena. Juzi bomba likakauka kabisa, na siku hiyo hiyo Baba Sifaeli akaamka akakuta shamba lake la chini linaogelea. Sasa watu wanasema ameyaita."

"Ameyaitaje? Kwa filimbi?"

"Usicheke, Mama Elia. Vijana wanataka kwenda leo jioni kufukia shimo alilochimba pale yanapotokea. Na yeye amesimama pale na panga. Sisi wengine tunashuka kule bondeni kwenye lambo, tunachota pamoja na ng'ombe. Tayari watoto wawili kwangu wanaharisha."

Nikavaa mabuti. Njiani nilikuwa natazama mbingu, kwa sababu mawingu ya vuli yalikuwa yameanza kujikusanya. Nilichoogopa ni hiki: maji yakishapata njia mpya ndani ya udongo, mvua kubwa ikinyesha huiosha njia hiyo, huipanua, ikawa ndiyo barabara. Hapo hata ukilia, hayarudi. Tulikuwa na siku chache.

Tulipofika tulikuta watu wamegawanyika kama timu mbili za mpira, upande huu majembe, upande ule Baba Sifaeli peke yake, mwembamba, suruali imekunjwa magotini, panga mkononi.

"Hamjambo," nikasema kwa jumla, ili anayetaka kugombana aanze kwa kunijibu.

"Mama Elia, waambie hawa," Baba Sifaeli akaanza. "Mimi sikuyaita. Ningeita maji ningeyaita yapite kwenye maharage? Si ningeyaita kwenye migomba?"

Hata waliokuwa na majembe wakacheka kidogo.

"Lakini umechimba," kijana mmoja akamkatiza. "Umeyachimbia mfereji!"

"Yamekuja yenyewe. Kitu kikija chenyewe ni baraka. Nitaifukuza baraka?"

Nikaomba nipande kwanza kwenye ukuta. Fundi aliyeujenga alinifuata, kijana msafi wa kazi. Nikaweka pima maji juu ya ukuta wake, na kiputo kikakaa katikati kabisa. Nilimsifu, na nilimaanisha. Akaniambia hesabu yao: maji yakijaa juu yatapata presha, yakipata presha yatatoka kwa nguvu.

Nikaona wazi lilipotokea kosa, na nikaona ni kosa la watu wenye akili. Ukibana kitu kinachoruka, unatazamia kiruke zaidi. Kwa springi ya lori ndivyo ilivyo. Lakini pale mlimani, maji uliyoyapandisha nyuma ya ukuta huligandamiza jicho lenyewe. Uzito wake unarudi ndani, unayasukuma nyuma, nayo yanaanza kupapasa pembeni kutafuta ufa. Yakiupata hata ulio mwembamba kama uzi, yanaruka huko. Waliolipa lile neno kiini cha kuruka hawakusema yataruka wapi.

Niliwaeleza hivyo. Kisha nikawaambia sehemu ngumu: shimo la Baba Sifaeli lisifukiwe. Mkilifukia, mtakuwa mmefunga mlango wa pili, na maji yatatafuta wa tatu, chini zaidi, pengine kwenye korongo ambako hakuna atakayeyapata. Kinachotakiwa kuvunjwa ni ukuta.

Wote wakamtazama Mama Tumaini. Mawe yale mengine aliyabeba yeye mwenyewe.

"Tuuvunje wote?" akauliza.

"Sehemu mliyoongeza. Na tushushe bomba lilipokuwa."

"Na yasiporudi?"

"Yanaweza yasirudi, Mama Tumaini. Sitakudanganya. Lakini ukuta ukibaki, hayarudi kamwe."

Alisimama akiutazama. Kisha akamnyang'anya kijana mmoja nyundo, akapiga yeye pigo la kwanza. Baada ya hapo hapakuwa na mkutano tena. Ila nilikuwa bado na kazi kwa Baba Sifaeli. Nikamfuata kule chini.

"Baba Sifaeli, nakuomba usichimbe tena."

"Kwa nini mimi? Wao ndio waliokosea."

"Ndiyo. Lakini kila unaposhusha shimo lako unayarahisishia maji kuja huku. Acha pawe kama palivyo. Usifukie, usichimbe. Subiri nasi."

"Na wakishapata maji yao watanikumbuka? Maharage yangu yameoza."

Mama Tumaini alikuwa amesimama juu yetu, vumbi la saruji limemkaa kwenye nyusi. "Baba Sifaeli, tutapanda upya sisi. Kamati nzima. Hata mbegu." Akajipangusa vumbi. "Na habari ya kuyaita, mimi mwenyewe nitasema Jumapili mbele ya watu kwamba haikuwa kweli."

Akalitazama panga lake kama mtu anayeshangaa limefikaje mkononi. Akalichomeka kwenye mgomba.

Ndani, tulipoondoa mawe, tulikuta kwenye mwamba mstari wa rangi ya kutu, na chini yake ukoko wa kijani. Huo ndio usawa ambao maji yenyewe yalizoea kusimama kwa miaka mingi kabla ya mtu yeyote kuleta saruji. Tukaweka bomba chini ya mstari huo. Halafu, kwa kuwa madumu bado yalikuwa yale yale, tukafanya lililopaswa kufanywa mwanzo: tukachimba mahali pa kusimamia mpaka dumu likaenea chini ya bomba, tukajenga ngazi za mawe na mfereji wa kutoa maji yanayomwagika. Mama Tumaini alijaribu kwa dumu lake mwenyewe, tupu, akalizungusha huku na huku. Likaingia. Kilichokosekana ni maji tu.

Kesho yake hakuna kitu. Watu walinisalimia kwa adabu inayouma. Mtondogoo Mama Tumaini akanipigia simu alfajiri, nikasikia kelele nyuma yake, nikadhani wamepigana.

"Bomba linakohoa!" akapaza sauti. "Mama Elia, linakohoa, linatema hewa!"

Yalirudi. Hayakurudi yote. Dumu sasa linachelewa kujaa kuliko zamani, na foleni ni ndefu, ingawa hakuna anayekinga kwa kopo. Shamba la Baba Sifaeli lilikauka upande mmoja, upande wa pili pakabaki ubichi mpaka leo, amepanda magimbi. Kamati ilimlimia yale maharage, na Jumapili ile Mama Tumaini alisimama akasema alichoahidi. Maji mengine yaliyobaki yamekwenda wapi sijui. Kila nikipita barabara ya Dodoma naangalia makorongo, nikitafuta mahali penye majani mabichi kuliko jirani zake. Nikipaona nitakuambia.

Wewe sasa, siku ukiitwa kutengeneza chemchemi, fanya hivi. Kabla ya kuchanganya saruji, ondoa matope kwa mikono mpaka uone mwamba. Tafuta mstari ambapo maji husimama yenyewe. Upige picha kwa simu yako, kisha gongomea msumari chini kidogo ya mstari huo, na uwaite wanakamati wauone. Bomba lisipande juu ya msumari, hata mwenyekiti akikuomba. Dumu likikosa nafasi, chukua jembe uchimbe chini.